Tabu Hajulikani

Sikufika hapa kwa hekima. Nilifika kwa hasira, na hasira hiyo ninayo bado, ndiyo inayoandika. Watu husema hasira hupofusha. Yangu ilinionyesha mengi: madirisha ya vioo yenye tundu la kupitishia karatasi, mihuri, mabenchi yaliyolika kwa makalio ya waombaji, na nyuma ya kila dirisha mtu mmoja yuleyule. Kitu kimoja tu haikunionyesha, nacho kilikuwa ubavuni mwangu safari nzima, kimenishika mkono.

Nina mtoto mmoja. Nilimzaa katika Nchi ya Sahihi, nchi ambayo hata maiti haizikwi mpaka mtu aandike chini kwamba imekufa. Nilimzaa kwa siku tatu. Siku ya kwanza wakunga walisema mtoto amelala vibaya. Siku ya pili wakasema tuchague, mama au mtoto. Siku ya tatu hawakusema kitu, wakatoka nje kupunga upepo. Alibaki mama yangu, Bi Mwanamize, amenishika magoti. Akaniambia, "Sukuma, Mwaka. Hawa wamekwisha kukuzika." Nikasukuma. Mtoto alipolia nikatamka neno la kwanza lililonijia: Tabu. Likawa jina lake. Kwetu si ajabu. Wapo kina Shida, wapo kina Mashaka, wapo kina Sikujua. Mzazi hufungua kinywa siku ile, na kilichomo ndani hutoka kikawa mtu.

Baada ya arobaini nikampeleka kuandikishwa. Karani alivaa kofia ya kijani.

"Jina la mtoto?"

"Tabu."

"La baba?"

"Ngwali."

"Yuko wapi?"

"Kwake, na mkewe."

"Basi hatumjui."

"Mimi namjua. Nyumba yake ile pale, yenye bati jekundu. Toa kichwa dirishani utamwona."

Hakutoa kichwa. "Mama," akasema, "katika nchi hii baba ni sahihi. Aje atie sahihi, atakuwa baba. Asipokuja, serikali haimjui." Akaandika huku akilitamka neno silabi moja moja, kama mtu anayehesabu ngazi: "Ha-ju-li-ka-ni."

Nilidhani ameandika maelezo. Nilipofika nyumbani nikaisoma hati ile, nikaona ameandika jina. Mwanangu alikuwa Tabu Hajulikani, na muhuri juu yake.

Nimelikodolea macho neno lile miaka kumi na moja. Ukimvika mtoto nguo ya kubana, atakua na nguo itapasuka. Jina la kubana halipasuki. Mtoto ndiye anayekua kwa umbo lake, akajikunja pale lilipojikunja. Na nikajiuliza, jina ni la nani? Ni la aliyelitoa? Ni la aliyeliandika? Ni la yule anayegeuka akiitwa? Kama ni lake yeye anayegeuka, kwa nini ni yeye peke yake ambaye hakuna dirisha linalomsikiliza? Nchi nzima imejaa watu wanaoamini wana haki juu ya jina la mtoto: baba aliyekimbia, babu aliyekufa, karani mwenye haraka ya kwenda kula. Nilijiweka nje ya orodha hiyo. Nilijiona mimi ni mama, na mama ni kitu kingine.

Mwaka ule Tabu alipokuwa darasa la tano, alirudi na karatasi ya mtihani. Majibu yote sahihi. Juu, kwa wino mwekundu, sifuri, na maneno ya mwalimu: *Karatasi haina jina.* Pale penye mstari wa kuandika jina alipaacha peupe.

"Ulisahau?" nikamwuliza.

"Sikusahau."

"Ila?"

"Silitaki."

Alikuwa amesimama karibu na mtungi, begi bado mgongoni, na alionekana kama ana neno jingine. Sikumngoja alitoe. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilijifunga kanga nikamshika mkono, tukatoka.

Karani alikuwa yuleyule. Kofia ya kijani ileile, hajazeeka hata unywele. Nilipotaka jina la Hajulikani lifutwe akaniambia kwamba anayeweza kuomba ni baba peke yake.

"Baba ambaye hamumjui?"

"Huyo huyo."

"Na mtoto mwenyewe akiomba?"

"Mtoto kisheria hana mkono."

Tabu akaitoa mikono yake juu ya ubao wa dirisha, akaitazama, kisha akamtazama karani. Karani akageukia mafaili.

Tukaenda nyumba ya bati jekundu. Ngwali alikuwa barazani, na kikombe chake cha kahawa kilikuwa kinafuka moshi kama kilivyokuwa kinafuka siku aliyoniambia nisije tena. Kalenda ukutani ilikuwa bado ya mwezi ule. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunaipanda na kuishuka, na kwake haikuwa imepita. Nadhani ndivyo ilivyo kwa watu wasioulizwa: wakati hauna sababu ya kuwapitia.

"Sitaki chakula chako wala malezi yako," nikamwambia. "Nataka sahihi."

"Nikitia, anakuwa wangu."

"Ukitia, lile neno litafutwa. Basi."

"Hakuna sahihi ya katikati, Mwaka. Au ni wangu au si wangu."

"Mtazame kwanza, ndiyo useme."

Hakumtazama. Alikitazama kikombe. "Jina la baba yangu lina watu wengi ndani yake," akasema, "waliokufa na walio hai. Sikupewa nigawe."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa maneno ambayo mama yangu angeyasikia angenifinya. Mkewe alitoka, akasikiliza, akarudi ndani, na nikaona kwamba anayajua yote. Lakini matusi hayakunipunguzia hasira. Lile neno lake lilinifuata njia nzima mpaka nyumbani. *Sikupewa nigawe.* Nililichukia kwa sababu lilikuwa limesemwa taratibu, na mtu anayeamini kabisa kwamba kilicho chake ni chake.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia mama yangu tunavuka daraja, kwenda nchi za jirani kutafuta dirisha jingine. Bi Mwanamize hakubishana. Akatufungia ndizi za kuchemsha kwenye kitambaa, akamfunga Tabu kilemba kidogo kwa ajili ya jua, akasema, "Nenda. Lakini nirudishie mjukuu wangu."

Ng'ambo ya kwanza ni Nchi ya Orodha. Huko majina yote yanayoruhusiwa yamechapishwa katika kitabu kimoja, kimefungwa kwa mnyororo mezani. Karani alikuwa yeye, isipokuwa kofia ilikuwa ya buluu. Nilimweleza habari za Hajulikani. Hakujali Hajulikani. Alipitisha kidole kwenye herufi T, akatikisa kichwa.

"Tatizo ni hili la mwanzo. Tabu halimo."

"Halimo vipi? Ndilo jina lake."

"Hapa jina linalomtweza mtoto haliandikwi. Sheria inasema mzazi asimtwike mtoto jina litakaloumiza."

"Unaniambia mimi nimemwumiza mwanangu?"

"Mimi sikuambii. Sheria ndiyo inayosema."

Nilipiga ngumi meza mpaka mnyororo ukalia. Nikamwuliza kama sheria ilikuwapo kitandani siku tatu. Nikamwuliza kama sheria inajua damu ni nini. Watu waliokuwa kwenye foleni walinipa nafasi, kama anavyopewa nafasi mtu mwenye kifafa. Wakati wote huo Tabu alikuwa amekivuta kile kitabu upande wake, anakisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka polepole kama anachagua mchele. Ilinibidi nimvute. Nilimvuta kweli, kwa nguvu, na kidole chake kiliacha ukurasa wa mwisho bila kupenda.

Basi tukavuka tena, mpaka Nchi ya Masikio.

Nilikuwa nimeisikia sifa yake. Huko, watu walisema, mtoto akifika miaka kumi na miwili hakuna linaloamuliwa juu yake mpaka asikilizwe. Mabenchi ya mahakama yao ni mafupi ili miguu ya watoto ifike chini. Watu wazima hukaa humo magoti yakiwa kidevuni. Foleni ilikuwa ndefu kupita akili. Tuliingia kwenye foleni Tabu akiwa na miaka kumi na moja. Tulipoufikia mlango niliona mikono ya gauni imepanda hadi kwenye kiwiko na kilemba cha bibi yake hakimtoshi tena kichwani. Bawabu, mwenye kofia nyeupe na uso ninaoujua, akamwuliza umri.

"Kumi na miwili," akasema Tabu. Na ilikuwa kweli.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinionyesha kiti cha pembeni. "Mama, kaa pale. Utasikia kila kitu. Usiseme kitu."

Nikakaa. Nilikuwa na furaha mbaya, furaha ya mtu anayekwenda kuona adui yake akisomewa hukumu. Nilijua mwanangu atasema nini. Nilikuwa nimemfundisha njiani: Ngwali, bati jekundu, karani, neno.

"Umekuja kwa ajili ya jina," hakimu akasema. "Nieleze."

Tabu aliweka mikono yake juu ya meza. Kisha akasema, "Mama anadhani ni lile la pili."

"Kumbe silo?"

"Lile la pili ni habari ya baba. Yeye ndiye hajulikani. Mimi najulikana, mtaa mzima wananijua. Wakinicheka kwa lile, nacheka nao." Akajigusa kifua. "Lakini la kwanza ni mimi. Nikitumwa maji, anatumwa Tabu. Nikiumwa, anaumwa Tabu. Wakija wageni wakauliza kwa nini naitwa hivi, mama anawaeleza. Siku tatu. Wakunga walitoka nje. Nusura afe. Anawaeleza kila mgeni, na mimi nimesimama pale na sinia ya chai. Wanakunywa wananitazama. Sijui niseme nini. Nataka kusema samahani, lakini nilikuwa sijazaliwa."

Nilisikia kitu kinasaga, nikatambua ni meno yangu.

"Ulimwambia mama yako?" hakimu akauliza.

"Nilitaka kumwambia siku ya mtihani. Alikuwa amekwisha kushika mlango."

Nitasema kweli hapa, maana nisiposema nitakuwa nimeandika bure. Sikuhisi huruma. Nilihisi hasira ambayo sijawahi kuihisi kwa Ngwali wala kwa kofia yoyote. Nilitaka kusimama nimpige mbele ya hakimu. Nilitaka kumwambia: jina hilo nililitoa mimi, kwenye mwili wangu, wakati wewe ulikuwa unaniua. Hukupewa na serikali, hukupewa na mwanamume mwenye kahawa. Ndilo kitu pekee nilichokuwa nacho siku ile, nikakupa wewe. Na nilipofika hapo katika maneno ambayo sikuyatamka, niliyasikia yanavyosikika. Yalisikika taratibu. Yalisikika kama mtu anayeamini kabisa kwamba kilicho chake ni chake.

Hakimu akasukuma karatasi upande wangu. "Tumemsikiliza. Kwa jina la kwanza, sheria yetu inataka mtoto asikilizwe, na mzazi mmoja atie sahihi. Lile la pili hapa si lazima kuandikwa, tutaliacha nje."

"Na nisipotia?"

"Tutakuwa tumemsikiliza tu."

Angalia basi walivyoipanga dunia. Nchi moja inampa baba kalamu. Nyingine inaipa kalamu orodha. Hii, iliyo bora kuliko zote, inamtengenezea mtoto benchi lifaalo miguu yake, inamwinamia, inamwuliza, inaandika kila neno, kisha inampa kalamu mama. Hakuna hata moja iliyoiweka kalamu mezani ikaondoka. Nililiona hilo vizuri sana, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na mkono wangu haukutaka kwenda.

Tabu hakunitazama. Alitazama ubao wa meza, vile Ngwali alivyokuwa akitazama kikombe, na nikajua kwamba zamu hii anayesubiri kunyimwa ni yeye na anayenyima ni mimi.

Nikatia sahihi. Sikutia kwa upendo, na sitaki mtu anisifu. Nilitia kwa ghadhabu, mpaka kalamu ikatoboa karatasi na kuandika juu ya meza.

"Unataka uitwe nani?" hakimu akamwuliza.

"Zamda."

"Kwa nini Zamda?"

"Nililiona kwenye kile kitabu, ukurasa wa mwisho. Halina sababu." Akalitamka tena, polepole, kama mtu anayeonja kitu kabla ya kukimeza. "Halina habari ya mtu yeyote ndani yake. Linanikaa vizuri mdomoni."

Tulirudi kwa njia tuliyojia. Nchi ya Orodha walitupitisha bila neno, kwa kuwa Zamda lilikuwemo. Ni katika daraja la mwisho, mlangoni mwa nchi yetu wenyewe, kofia ya kijani ilipotuzuia. Akaisoma hati mpya, akaitupa pembeni.

"Hii hatuitambui. Kwetu huyu ni Tabu Hajulikani mpaka baba yake aje aseme vingine." Akatoa fomu. "Tia sahihi hapa kwamba unathibitisha hivyo, mpite. Mama yako ndiye yule amesimama pale?"

Nilimwona Bi Mwanamize ng'ambo ya uzio, amejikinga jua kwa kiganja. Hatua mia, pengine pungufu. Nyumba yangu ilikuwa nyuma yake, na mtungi, na kitanda changu.

"Tia tu, mama," Zamda akasema kwa sauti ndogo. "Bibi anangoja. Mimi nitazoea."

Nilimgeukia. "Utazoea?" Nikamgeukia karani. "Muulize yeye anaitwa nani."

"Watoto siulizi."

"Basi na mimi usiniulize. Miaka yote nimejibu kwa niaba yake, na nilikuwa najibu uongo."

"Usipotia sahihi hampiti. Wala leo, wala kesho."

Nilimrudishia fomu yake ikiwa nyeupe. Nilifanya hivyo mbele ya macho ya mama yangu mzazi, na sijui kama amenisamehe. Nimegundua kwamba mtu anaweza kufanya jambo la haki na bado likawa limemwua mtu mwingine kidogo, na hakuna mahakama ya kupeleka shauri hilo.

Sasa tunakaa Nchi ya Masikio, wageni. Nafua mashuka ya bweni la shule anayosoma Zamda. Karatasi zake za mitihani zina jina. Mimi mwenyewe ulimi wangu haujanyooka: huanza "Ta—" ukakwama, nikasema "we mtoto", naye huja, hasemi kitu, na kutosema kwake kunanichoma.

Kila Ijumaa tunapita Nchi ya Orodha hadi daraja la mwisho, ambapo watu huruhusiwa kusimama kila mmoja upande wake wa mto na kuzungumza juu ya maji. Tulimpelekea Bi Mwanamize salamu kupitia mwanamke mmoja, pamoja na habari ya jina. Ijumaa ya kwanza alikuja mapema, amevaa kanga zake za sikukuu. Alikuwa amezeeka ghafla, kama vile miaka iliyompitia mbali Ngwali ilikwenda kwake. Alishika waya wa uzio kwa mikono miwili. Nilimwona anafungua mdomo, anasita, analitafuta lile jina alilopelekewa, halipati.

"Tabu!" akaita. "We Tabu! Tabu wangu!"

Nilichemka. Nilivuka sheria tatu ili neno hilo lisitamkwe. "Mama!" nikapiga kelele. "Anaitwa Zamda! Sema Zam—"

Zamda aliuondoa mkono wangu begani mwake. Hakuuondoa kwa ukali. Akasogea mpaka penye waya.

"Abee, bibi!" akaitika, kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Umekula?"

"Nimekula! Na wewe?"

"Mimi nile nini, na meno yenyewe haya?"

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tuondoke. Bibi yake alipokaa chini kupumzika, nilimshika.

"Si ulilikataa jina hilo? Mbele ya hakimu? Si kwa ajili yake tumekosa kwetu?"

"Nililikataa lisiwe jina langu," akasema. "Bibi akiniita vile hanielezi kwa wageni. Ananiita tu."

"Na mimi je? Na mimi nikikuita hivyo?"

Alifikiri. Alifikiri kwa uadilifu kabisa, kama hakimu mwenye miwani ya uzi, na nilimngoja kama nilivyowahi kungoja madirishani.

"Wewe bado," akasema.

Kisha akarudi penye waya, maana bibi yake alikuwa ameinuka tena. Wakaendelea kupigiana kelele juu ya maji, habari za meno, za kuku, za jirani aliyefiwa, mmoja akiita na mwingine akiitika, kwa jina nililolitoa mimi, na mimi nimesimama nyuma yao nimekunja ngumi, hakuna anayenihitaji kutia sahihi.